Nilinunua kimashine cha kuoshea lenzi, sasa jicho jekundu na wifi amenuna

Asalaam aleikum dada,

Natumai u mzima wewe na wako. Mimi husoma majibu yako siku zote na kuwacheka wenzangu, leo nami nimekuja kuchekwa.

Nakaa Majengo, nimeolewa huu mwaka wa pili, kazi yangu ni mapokezi hotelini huku Nyali, wiki hii mchana wiki ijayo usiku. Macho yangu mabovu tangu niko darasa la tano, namba yangu ni mainasi tano na nusu, miwani yangu ukiiona ni kama kitako cha chupa ya soda. Mwaka jana nikasema basi, nikaenda duka la miwani nikapimwa nikapewa lenzi, zile laini za kuvaa mchana na kuvua usiku, mwezi ukiisha watupa. Wallahi dada siku ya kwanza nilisimama Digo Road nikawa nasoma mabango ya ng'ambo ya barabara moja moja kama mtoto aliyejua kusoma jana.

Shida ni kuosha. Dukani nilifundishwa vizuri, nitie lenzi kiganjani, maji ya lenzi juu yake, nisugue, nisuze, nilaze kikebeni. Nikafanya miezi mitatu minne hivi bila neno. Lakini nikitoka shifti ya usiku sijiwezi, na kuna siku niliitoboa moja kwa ukucha nikakaa kitandani nikalia maana mshahara ulikuwa bado. Ndo nikaona kwenye simu watu wanauza kimashine, kidogo hivi kama kipande cha sabuni ya kuogea, wachomeka waya wa chaja ya simu, watia lenzi ndani na maji kidogo, wabonyeza, chawaka taa ya buluu changuruma dakika tatu kisha chazima chenyewe. Aliyeniuzia akanambia hakuna kusugua tena, chaua vijidudu vyote, na maji ya lenzi utatumia tone mbili tatu tu. Elfu moja na mia nane nikatoa bila kupatana.

Sasa dada usinigombeze. Kwa vile nilijua mashine inafanya kazi nikawa simwagi yale maji ya kikebeni, naongeza tu juu, siku mbili siku tatu, manake chupa ni ghali. Kwenye mashine nikawa natia maji ya kunywa ya chupa. Na kikebe mara kadhaa nimekisuza na maji ya mtungi, huku kwetu mfereji watoa maji ukitaka wenyewe, siku zingine ni kungojea mkokoteni. Mume wangu ndo kabisa, alishika ile chupa akasoma akasema hii si maji ya chumvi tu, na kisima cha hapa plotini kina chumvi mpaka chai hainyweki, mbona usijaze chupa hapo tuokoe pesa. Alikuwa anitania lakini wajua utani ukirudiwa mara nyingi waanza kuona una maana.

Tangu Alhamisi jicho la kulia limekuwa jekundu. Nahisi kama mchanga umeingia, latoa machozi, na nikitoka nje jua lachoma mpaka nalifumba. Nilienda kemisti nikapewa matone, siku mbili likawa afadhali, jana limerudi zaidi ya mwanzo. Ma mkubwa wangu alikaa London miaka hiyo akivaa lenzi, yeye asema wao walikuwa wanazichemsha, nizichemshe zitakuwa safi. Mwenzangu kazini ana dawa nyengine, watia lenzi kwenye kikombe yachemka yenyewe kama soda, asema hiyo ndo kiboko.

Alafu kuna wifi yangu. Tunakaa naye. Mwezi ujao shoga yake anaolewa na yeye ndo msimamizi, ameazima lenzi za kijivu kwa mpambaji, huyo mpambaji huwavisha maarusi wake wote hizo hizo, wakivua azisuza azirudisha. Wifi akazitia kwenye kimashine changu bila kunambia, nimeingia chumbani nikakuta changuruma. Nikamwambia sitaki. Akanuna, akampelekea mavyaa maneno ati mimi nna roho ya kwa nini, kitu cha kuosha tu namnyima. Mavyaa ameniita niende Ijumaa.

Nisaidie dada, nishike njia gani ya kuosha, kimashine nikirudishe au niendelee nacho, na Ijumaa nikaseme nini?

Wako, Jicho Moja, Majengo.

*

Aleikum salaam mdogo wangu.

Wifi atangoja na mavyaa atangoja. Vua hizo lenzi. Zote mbili, hata kama la kushoto halina neno, vaa kitako chako cha chupa ya soda, na kesho asubuhi usipitie kazini, nenda moja kwa moja kwa daktari wa macho, iwe Coast General iwe kliniki nyengine, bora pawe na ile mashine ya kuweka kidevu wakakumulika jicho kwa taa nyembamba. Jicho la mvaa lenzi likiwa jekundu peke yake waweza kusema ni vumbi au usingizi, lakini likiwa jekundu na linauma na linakimbia mwangaza, hilo si la kungojea Ijumaa. Ukiona pia doa jeupe kwenye kile kioo cha mbele ya jicho, au unaona ukungu, basi hata kesho ni mbali, nenda usiku huu huu.

Lenzi usizitupe wala kikebe usikioshe. Kifunge na yote yaliyomo uende nacho, daktari aweza kutaka kupima kilichomo mule. Na yale matone ya kemisti uende na chupa yake, usitie tena mpaka aione. Nakwambia hivi kwa sababu hiyo ya siku mbili afadhali kisha kurudi kwa nguvu nimeiona sana, matone mengi yanayotolewa kaunta yana dawa ya steroidi ndani, deksamethasoni na ndugu zake, kazi yake ni kutuliza wekundu. Jicho latulia, kijidudu kinaendelea kula. Na tafadhali usikubali mtu akutie maziwa ya mama wala asali wala chai ya rangi, najua watakuja nazo.

Ukifika kwa daktari usimfiche kitu. Sema maji ya mtungi, kwa mdomo wako, hata kama waona aibu. Kuna kijidudu chaitwa akanthamiba, chakaa kwenye maji, ya mfereji, ya kisima, ya bwawa la hoteli yenu, ya bahari, kila mahali. Tukiyanywa hakitufanyi kitu. Lakini kikipata lenzi laini, ambayo ni kama sponji, chapanda nayo mpaka kwenye jicho, na kikiona taabu chajifungia ndani ya gamba, ile klorini ya maji ya mfereji haikipati. Matibabu yake ni matone mchana na usiku, kwa miezi. Sisemi wewe unacho, mimi si daktari, miaka sita nilikaa nyuma ya kaunta ya duka la miwani nikiwafundisha watu kuvaa na kuvua na nimevaa mwenyewe miaka kumi na tisa, basi. Lakini daktari asipojua habari ya mtungi hatakitafuta.

Sasa tuje kwa bwanako na kisima chake, manake hilo lina historia. Lenzi laini zilipoanza kuenea Marekani, watu walikuwa wananunua vidonge vya chumvi wanachanganya na maji nyumbani wanapata maji ya chumvi ya kuwekea lenzi, rahisi na nafuu, kama hesabu ya bwanako. Miaka ya 1980 wakaanza kuja hospitali na hayo mambo ya akanthamiba, na walipofuatilia wakakuta wengi ni hao wa chumvi ya nyumbani. Na hiyo ilikuwa chumvi safi ya kidonge, si kisima cha Majengo kilichopakana na vyoo vya plot nzima. Mwambie nimecheka, lakini asirudie.

Mimi lawama nyengine naiweka kwenye jina. Huku kwetu sote twasema "maji ya lenzi", na kitu ukishakiita maji utakitumia kama maji, utaongeza, utapunguza, utaweka ya chupa badala yake. Si maji. Ni dawa. Mule ndani mna chumvi kiasi ya machozi ndo jicho lisichome, kweli, lakini mna kitu cha kuua vijidudu, na hicho kikifanya kazi usiku mmoja kimechoka. Ukiongeza mapya juu ya ya jana ni kama yule mama wa viazi karai ambaye mafuta yashakuwa meusi tititi, badala ya kumwaga aongeza kikombe kimoja cha mapya, akiona wamtazama akwambia ni mapya haya. Na maji ya kunywa ya chupa nayo si dawa, yafaa kunywa, hayo tu. Kuna pia dukani chupa zinazouzwa ni maji ya chumvi matupu, salini, bei yake iko chini, hizo ni za kusuza peke yake, haziui kitu, usije ukadanganyika na bei ukalaza lenzi humo.

Haya, kimashine.

Wazo lenyewe si la uongo. Umewahi kuingia kwa sonara ukampa pete, akaitia kwenye kibeseni cha chuma, kikanguruma ikatoka yang'aa? Hata maduka ya miwani twakuwa nacho cha kuoshea fremu. Kile hutikisa maji kwa kasi, mara elfu arubaini kwa sekunde hivi, sauti ambayo sikio la binadamu haliipati, na ule mtikiso watengeneza vipovu vidogo vidogo vinavyopasuka vikabandua uchafu. Yani chabandua, hakiui. Uchafu umetoka kwenye pete lakini vijidudu viko hai vyaogelea. Na hivi vya chaja ya simu nimevifungua viwili kwa mikono yangu, kimoja ndani mlikuwa na mota ndogo kama ya simu ikitetemeka, hakuna zaidi. Taa ya buluu nayo usiiamini kwa rangi yake, ile miale ya UV inayoua vijidudu jicho haliioni, na kifaa cha kweli cha namna hiyo kimefungwa mtu asiitazame. Taa ya kukumulikia mpaka ukutani ni pambo.

Hata ungekuwa na kilicho kizuri kabisa, bado baada ya kunguruma lenzi zingetakiwa zilale kwenye dawa mpya masaa yake. Kimashine kingekuwa nyongeza, si badala. Aliyekuuzia alikuuzia ile badala.

Alafu nikuulize, chenyewe wakiosha na nini? Fanya hivi, kabla ya kuenda kwa daktari tia kidole ndani ya kale kashimo ka lenzi usugue kidogo. Ukisikia utelezi kama ule wa ndani ya mtungi uliokaa wiki, basi wajua. Ule utelezi ni vijidudu vimejenga, vimejifunika utando wao, na dawa haivifikii vizuri. Kikebe nacho, utelezi huanzia kwenye uzi wa kifuniko, lakini chako kiache kimefungwa mpaka kwa daktari.

Kwa hivyo tunarudi kiganjani. Najua wataka kusikia kitu kipya lakini kidole chako ndo kifaa bora kuliko vyote vinavyouzwa. Kuna wakati kampuni zikaandika kwenye chupa kwamba dawa hii haihitaji kusugua, watu tukafurahi, alafu ikaja mwaka 2006, dawa moja kubwa ikaondolewa sokoni dunia nzima kwa sababu wavaaji walikuwa wanapata kuvu machoni, na tangu miaka hiyo wataalamu wakarudi kwa msimamo, sugua, hata kama chupa yasema usisugue. Kusugua peke yake huondoa sehemu kubwa ya vijidudu na ule ute wa machozi kabla dawa haijaanza kazi, na dawa ikikuta kazi imepungua yamaliza iliyobaki.

Wewe ulitoboa kwa sababu ulisugua kwa ncha ya kidole. Kiganja kiwe kimekunjwa kidogo kama wakinga tende, lenzi imekaa kama bakuli, matone matatu manne ya dawa, kisha lile tumbo la kidole cha shahada, lile nyama nyama, ukucha uwe hewani kabisa. Nenda mbele na nyuma, usizungushe, kuzungusha ndo huikunja ikachanika. Hesabu mpaka ishirini pole pole, igeuze, ishirini nyengine. Kisha isuze kwa dawa inayotiririka kutoka kwenye chupa, si kuichovya. Anza na la kulia kila siku ya Mungu, usije ukachanganya. Ukivua na usingizi machoni, weka kigoda, kaa, mbona twakaa kusugua sufuria.

Na mikono kabla ya hapo. Sabuni ya kawaida, si ile ya mafuta na manukato inayoacha utando, na uikaushe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, maji ya mfereji yasibaki vidoleni. Hapa kwetu nina maadui wawili nawajua kwa majina, mafuta ya nazi ya kupaka nywele, na pilipili ya ukwaju. Mafuta yakiingia kwenye lenzi utaona dunia yote ina ukungu. Pilipili sikwambii, nilikula mbaazi na mahamri na ile pilipili yake nikanawa haraka haraka, usiku nikavua lenzi, nikajua Mungu yupo.

Dawa ijae mpaka lenzi zizame, zilale masaa iliyoandikwa kwenye chupa, nyingi ni manne mpaka sita. Asubuhi ukishavaa mwaga yote, tia dawa kidogo kikebeni, kisugue kwa kidole safi, kimwage, kigeuze kifudifudi juu ya karatasi ya tishu na vifuniko kando navyo vifudifudi, kikauke. Kisikae chooni wala bafuni, huku Mombasa bafuni hakukauki kitu. Chupa ya dawa isikae dirishani penye jua, na mdomo wake usigusane na kitu. Kila ukifungua chupa mpya tupa kikebe cha zamani, nyingi huja na kipya ndani ya boksi, na hata kama hakuna, miezi mitatu ikiisha kiage.

Ma mkubwa wako hadanganyi, nampa haki yake. Lenzi laini ziliporuhusiwa Marekani mwaka 1971 zilikuwa zikioshwa na kutiwa kwenye kichemshio kidogo cha stima na maji ya chumvi, usiku kwa usiku, na walioishi ng'ambo miaka ile wazijua hizo. Zenyewe zilivumbuliwa na mzee mmoja wa Czechoslovakia, Otto Wichterle, mwisho wa mwaka 1961, alitengeneza mashine ya kuzimimina nyumbani mezani kwa vyuma vya kuchezea vya watoto na dinamo ya baiskeli, kwa hivyo si vimashine vyote vya nyumbani navidharau. Lakini kuchemsha kulikuwa na taabu yake, machozi yana protini, na protini ukiipasha moto yafanya vile lifanyavyo yai, yaganda. Lenzi zilikuwa zageuka manjano, ndo wakaleta vidonge vya kimeng'enya vya kuyeyusha ule mgando. Lenzi yako ya mwezi mmoja haikutengenezwa kwa sufuria. Ukiichemsha itakunjika na hutaijua tena.

Ya mwenzako wa kazini ndo nitakaa nayo kidogo, manake kwako wewe naiona yafaa. Ile ni haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3. Yaua vizuri kuliko hizi za kawaida, na haina kihifadhi cha kuwasha jicho, wenye macho ya kulia lia huipenda. Kikombe chake kimesimama wima, kina kifuniko chenye tundu la kutoa hewa na chini kuna kisahani kimepakwa platini. Peroksaidi ikigusa hiyo platini yaanza kuvunjika, hivyo vipovu ulivyoona ni oksijeni, na masaa sita yakitimia imebaki maji ya chumvi tu salama kuvaa. Ukizitia baada ya Isha, Alfajiri zi tayari zimengoja. Wiki ya shifti ya usiku ukirudi asubuhi wazitia, walala, adhuhuri ishapita zimekamilika.

Lakini haina huruma na mtu msahaulifu. Haiwekwi kwenye kikebe cha kawaida hata siku moja, haisuziwi lenzi halafu ukavaa, na masaa sita si matano. Mimi mwenyewe mwaka wangu wa pili wa lenzi chupa mbili zilikuwa rafu moja, nikachukua ile yenye mdomo mwekundu, na huo wekundu wameuweka makusudi kumzuia mtu kama mimi, nikasuzia lenzi nikatia jichoni. Dada, nilifika mlangoni bila kujua nimeruka vipi. Ukipatwa na hilo jitahidi uitoe lenzi na umwagie jicho maji mengi kwa dakika nyingi, hapo hata ya mtungi ni halali, kisha uende ukaonwe. Na usije ukanunua ile peroksaidi ya vidonda ya kemisti ukaona jina ni moja. Si moja. Ukishaiua kwa platini pia haina ulinzi tena, ukiacha lenzi mule kwa siku nyingi bila kuvaa, fuata karatasi yake inavyosema, urudie kuosha kabla ya kuvaa.

Na kama mfuko waruhusu, wiki za usiku tumia zile za siku moja. Wavaa ukienda kazini, ukirudi watupa, hakuna kuosha, hakuna kikebe, hakuna maneno ya wifi. Si lazima kila siku, siku za mapumziko vaa miwani, bwanako ashakuona nayo na bado alikuoa. Jambo moja tu, usilale nazo, hata kijiusingizi cha kochi ukirudi kazini, kulala na lenzi huzidisha hatari ya maambukizi mara sita mpaka nane. Udhu usikupe wasiwasi, fumba macho ukiosha uso, pangusa kope, ukifungua fungua pakavu. Bahari na bwawa, vua. Kuoga, vua kwanza.

Haya yote ni ya baada ya daktari kukwambia jicho limepona. Kikebe, lenzi hizo na chupa iliyobaki, ukirudi kutoka kwake vyote jalalani, uanze upya.

Sasa wifi. Hapo hukukosea, ila ulimwambia sitaki, na neno sitaki nyumba ya watu latafsiriwa vingine. Ijumaa nenda kwa mavyaa wako na bwanako, na uende na hilo jicho vile lilivyo, hata kama daktari ashakupa dawa wekundu hautakuwa umeisha. Kaa karibu naye. Usianze na wifi, anza na jicho, mwambie mama nimepata hili na lenzi zangu mwenyewe, nilizopimiwa, hakuna mtu mwengine aliyezivaa, ni kosa langu la kuosha. Sasa zile za mwanao zimevaliwa na maarusi sijui wangapi, zimesuzwa na nini hatujui, na yeye macho yake ni mazima, haoni shida hata moja, aje aharibu jicho zima kwa ajili ya rangi ya usiku mmoja? Utaona mwenyewe nani atafoka. Mavyaa wa Kimombasa hataki kusikia mwanawe ametiwa macho ya watu.

Kisha usimwache wifi mkono mtupu, harusi ni mwezi ujao na muda upo. Mpeleke duka la miwani apimwe, ziko lenzi za kijivu zisizo na namba, mpya kwenye pakiti iliyofungwa, zake peke yake, na akitaka za siku moja zipo. Mchangie nusu kama waweza. Mwambie avae lenzi kabla ya wanja na poda, na avue lenzi kabla ya kufuta wanja, na chumba cha kufukiza udi akae mbali kidogo. Zile za mpambaji azirudishe kimya kimya, au asirudishe, mimi ningezipoteza.

Na kimashine mpe yeye, akaoshee hereni.